Maswali ya Wasomaji: Kuuza Tiketi Mtandaoni

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni katibu wa kwaya yenye waimbaji 40. Kila mwaka tunaandaa maonyesho mawili katika ukumbi wa viti 300, na hadi sasa tiketi zetu zimekuwa za karatasi, zikiuzwa na waimbaji wenyewe. Mwaka huu kamati imeamua tuuze mtandaoni. Nimetazama programu kadhaa, na kila moja inajinadi kuwa rahisi na nafuu. Mwekahazina wetu anataka ile yenye ada ndogo kuliko zote. Mimi nina shaka, ila sijui niulize nini.

JIBU: Ndugu Katibu, shaka yako ina msingi. Ada lazima ipimwe, na tutaifikia, lakini kabla yake liko swali ambalo waandaaji wadogo husahau kuliuliza: mtu akilipa leo kwa onyesho litakalofanyika baada ya miezi miwili, fedha zake zitakaa kwa nani katika muda huo wote?

Programu hizi ziko za namna mbili. Katika namna ya kwanza, kampuni yenye programu hupokea malipo katika akaunti yake, huyashikilia, kisha hukulipa siku kadhaa baada ya onyesho, ikiwa imekwisha kukata chake. Katika namna ya pili, unaiunganisha programu na akaunti yako mwenyewe ya malipo, fedha zinaingia kwako moja kwa moja, na kampuni inabaki kudai ada yake tu. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mambo yaharibike. Mwaka 2020, matukio yalipoahirishwa kila mahali kwa sababu ya janga la UVIKO-19, kampuni ya Marekani iitwayo Brown Paper Tickets, iliyokuwa ikipendwa sana na waandaaji wadogo, ilishindwa kuwalipa waandaaji wengi fedha za tiketi zilizouzwa, na wanunuzi wengi nao hawakurejeshewa zao. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington aliifikisha mahakamani mwaka huohuo, na mwaka uliofuata kampuni ikabanwa kisheria kulipa madeni hayo. Mwandaaji aliyekuwa amekwisha kulipia ukumbi na vyombo hakuwa na nafasi ya kungoja kesi imalizike.

Kwa sababu hiyo ninaegemea namna ya pili, ingawa nayo ina mtego wake. Fedha zikiwa mkononi, kamati hutamani kuzitumia, na onyesho likifutwa ni ninyi mtakaotakiwa kuzirejesha. Tena, mtu aliyelipa kwa kadi anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake, mara nyingi ndani ya siku 120, na akishinda, kiasi hicho hukatwa kutoka kwenu, wakati mwingine pamoja na faini ya kushughulikia pingamizi. Fungueni akaunti ya tiketi peke yake, wala msiiguse kabla ya onyesho isipokuwa kwa gharama ambazo mna uhakika mnaweza kuzifidia kwa fedha nyingine.

Sasa tuje kwa mwekahazina. Ada hutangazwa kwa asilimia, lakini kinachomuumiza mwenye tiketi za bei ya chini ni kile kiasi kisichobadilika kinachotozwa kwa kila tiketi. Tuseme programu inatoza asilimia 4 na nyongeza ya 50 kwa kila tiketi, kisha kampuni inayopitisha malipo nayo inachukua asilimia 3. Kwa tiketi ya 1,000, makato yatakuwa 40, 50 na 30, jumla 120, yaani asilimia 12. Kwa tiketi ya 5,000, makato ni 200, 50 na 150, jumla 400, yaani asilimia 8. Programu ni ileile na tangazo ni lilelile, lakini mwenye tiketi ya bei nafuu ameumia zaidi. Mwekahazina wako aipige hesabu hiyo kwa bei yenu halisi, aizidishe kwa viti 300, kisha azilinganishe programu kwa jumla inayopatikana, si kwa asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo. Aulize pia kama ada hurudishwa pale tiketi inaporejeshewa fedha, maana mara nyingi hairudi.

Halafu amueni nani abebe makato hayo. Mkimtwika mnunuzi, bei kamili ionekane tangu mwanzo. Mtu aliyeona 1,000 akafika kwenye hatua ya kulipa akakuta 1,120 hujiona amechezewa, na wengine huacha hapohapo.

Mkishabakiwa na programu mbili au tatu, fanyeni jaribio ambalo hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kulizidi. Mwombeni mtu asiyependa mambo ya kompyuta anunue tiketi moja kwa simu ya kawaida, nanyi mkae pembeni bila kumsaidia. Hesabuni mara anazokwama. Tazameni kama analazimishwa kufungua akaunti, kama njia ya malipo anayoitumia kila siku ipo, na tiketi yake inamfikia baada ya muda gani. Baada ya hapo irudisheni tiketi hiyo, mwone fedha zinachukua siku ngapi kumrudia.

Jambo la mwisho kwako, Katibu, ni orodha ya wanunuzi. Hakikisheni mnaweza kuipakua nzima, katika faili la kawaida la jedwali, siku yoyote mnayotaka; msipoweza, wasikilizaji wenu mmewakabidhi kwa kampuni. Wakati huohuo msikusanye msichokihitaji. Mwaka 2018 kampuni ya tiketi ya Ticketfly ilidukuliwa, na taarifa za akaunti takriban milioni 27, zikiwamo majina, anwani na namba za simu, zikaathirika. Jina na barua pepe au namba ya simu vinatosha kumfikishia mtu tiketi. Tarehe ya kuzaliwa ya nini?

SWALI: Klabu yetu ya michezo ya kuigiza ina milango miwili, na intaneti ya ukumbini haiaminiki. Je, mtu akiwatumia wenzake picha ya tiketi yake, wote hawataingia?

JIBU: Wataingia, kama mtakuwa na programu mbaya au mpangilio mbaya. Msimbo wa QR, yaani ile alama ya mraba yenye madoa meusi na meupe iliyo kwenye tiketi, uliobuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ni njia tu ya kuandika namba ili mashine iisome haraka. Msimbo wenyewe haujui kama umekwisha kutumika. Anayejua ni orodha. Wa kwanza kufika anaingia, orodha inaiweka alama namba ile, na wa pili anakataliwa hata kama ndiye aliyelipa.

Programu nzuri huipakua orodha hiyo kwenye simu ya mlangoni ili kazi iendelee bila intaneti. Hapo ndipo penye mwanya wenu: simu mbili zisizowasiliana zina orodha mbili, na tiketi iliyokwisha kupita mlango A bado ni mpya machoni pa mlango B. Kama hamwezi kuziunganisha simu hizo, tumieni mlango mmoja, au gawanyeni watu kwa herufi ya kwanza ya jina, kila kundi na mlango wake. Chapisheni pia orodha ya majina kwenye karatasi asubuhi ya onyesho. Simu huishiwa chaji. Karatasi haina tatizo hilo.

SWALI: Nimesikia kuna programu za tiketi zisizolipiwa ambazo mtu anaweza kuziendesha mwenyewe. Je, si nafuu zaidi?

JIBU: Zipo, na pretix, iliyotengenezwa Ujerumani, ni mojawapo ya zile ambazo msimbo wake chanzo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote. Ukiiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoihudumia mtandaoni muda wote, ada ya programu kwa kila tiketi huondoka, ingawa makato ya kupitisha malipo yanabaki palepale. Lakini kuna kukodi seva, kuweka masasisho ya usalama na kutunza nakala rudufu, na yupo mtu atakayepigiwa simu saa mbili usiku ukurasa wa malipo ukigoma. Kama mtu huyo yupo katika kamati yenu na ameridhia, jaribuni. Kama hayupo, lipeni ada.