Picha ya Roma ina miaka 400, yetu ya parokiani inabanduka. Kwa nini?

SWALI: Wahariri habari zenu. Nimeona picha za kikanisa kilichopo ndani ya jumba la Quirinale kule Roma, malaika mpaka juu kwenye kuba, rangi utadhani zimepakwa juzi, maelezo yanasema ni kazi ya 1610. Sasa sisi parokiani tulichorewa Bikira Maria kwa rangi ya plastiki, haijakaa sana na imeshaanza kubanduka. Wenzetu walitumia rangi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, rangi zenyewe wala hazikua za ajabu, nyingi ni udongo tu mwekundu na wa njano uliosagwa ukachanganywa na maji, hamna gundi hamna mafuta. Ishu ni lipu.

Hicho kikanisa Papa Paulo V alikua anasalia humo (siku hizi jumba ni ikulu ya rais wa Italia, unaingia kwa kubuku) na kazi alipewa mchoraji Guido Reni, akasaidiwa na wachoraji wenzake kina Lanfranco na Albani. Staili yao inaitwa fresko, yaani fundi anapiga lipu ya chokaa na mchanga kipande kidogo tu, kile cha kumaliza siku hiyo, mchoraji anachora ikiwa bado mbichi, akichelewa ikakauka basi kinabomolewa kinapigwa upya. Chokaa inavyokauka inavuta hewa ya ukaa inageuka jiwe na rangi inafungwa humo humo, kwahiyo cha kubanduka hakuna, rangi ndo ukuta wenyewe. Na watu wa Tanga chokaa mnaijua, ile ya kuchoma matumbawe iliyojenga yale magofu ya kale ya Tongoni.

Kilichokua kinasumbua ni bluu. Bluu nyingi za zamani hazikuelewana na chokaa mbichi, zikawa zinapakwa mwishoni na gundi juu ya lipu kavu, ndo maana kwenye fresko nyingi joho la Maria linatangulia kudondoka. (Mimi pale Quirinale nampenda Maria aliye bado binti, amekaa zake anashona na malaika wamemzunguka.)

Kanisa la faragha nalo lina nafuu yake, halipati moshi wa mishumaa ya umati. Ila adui hasa ni maji. Unyevu ukipanda ukutani unabeba chumvi, chumvi ikikauka inavimba inapasua lipu, na hapo hata fresko ya Reni ingekwenda. Ya kwenu ni mbaya zaidi maana rangi ya plastiki inaziba, unyevu unakosa pa kutokea unaisukuma nje.

Kwahiyo msimuite mchoraji mwingine kwanza, kagueni paa, gata na msingi. Mkitaka fresko kweli msichore juu ya lipu ya saruji, itabidi ibanduliwe ipigwe ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, na kwa hilo ulizieni Zanzibar, mafundi wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe wanaijua hiyo kazi.