Jeli ya PNIPAM: anza na barafu, pima polepole

Poli(N-isopropilakrilamidi), PNIPAM kwa kifupi, ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Huyeyuka kwenye maji baridi na kujitenga maji yakifika nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Ni kinyume cha sukari. Katika ubaridi, molekuli za maji hushikana na amidi (sehemu zinazopenda maji) za polima kwa vifungo vya haidrojeni na kujipanga kuzunguka sehemu zake zisizopenda maji. Joto likipanda mpangilio huo huvunjika, minyororo hujikunja, na myeyusho mwangavu hugeuka mweupe kama tui. Minyororo ikiwa imefungwa pamoja kuwa jeli, jeli nzima husinyaa na kutema maji.

Jeli nyingi huharibika kabla hazijaganda, kwa sababu zimetengenezewa mezani, kwenye joto la chumba. Upolimishaji wenyewe, yaani molekuli ndogo (monoma) kuungana kuwa minyororo, hutoa joto. Myeyusho ulioanzia nyuzi 28 huvuka 32 katikati ya neli, minyororo hujikunja ikiwa bado inaungana, na unabaki na kitu cheupe chenye matundu, kinachomeguka. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kiko ukingoni mwa nyuzi hizo tangu mwanzo. Usijaribu bila barafu.

Kwa mililita 10 chukua gramu 0.78 za monoma, N-isopropilakrilamidi, na miligramu 13.3 za methileni-bisakrilamidi, ile inayofunga minyororo. Miligramu 13 ni shida kupima, basi yeyusha miligramu 133 katika mililita 10 za maji, uchote mililita 1. Ongeza mililita 8.9 za maji yaliyokenekwa, weka chombo kwenye barafu, upitishe viputo vya naitrojeni kwa dakika 30. Baada ya hapo ndipo utie mikrolita 24 za TEMED, kimiminika kinachoharakisha mmenyuko. Ukiitia mapema, itapeperuka na naitrojeni. Mwisho kabisa weka mikrolita 100 za amonia pasulfeti, ile inayoanzisha upolimishaji, iliyoyeyushwa dakika hiyo hiyo kwa miligramu 40 kwenye mililita 1. Vuta haraka kwenye mirija ya kioo yenye kipenyo cha milimita 1 hadi 2, ziba, uache barafuni hadi kesho yake. Vaa glavu muda wote: monoma ni sumu na hupenya ngozi.

Isipoganda, mshukiwa wa kwanza ni oksijeni, ambayo humeza radikali, zile chembe zinazoendesha upolimishaji. Wa pili ni pasulfeti iliyovuta unyevu. Iliyo nzima hutatarika kidogo inapoguswa na maji. Iliyokufa huyeyuka kimya. Wa tatu ni kizuizi kilichowekwa kiwandani ndani ya monoma, ambacho huondolewa kwa kufanya fuwele upya katika heksani, kiyeyushi kinachowaka upesi. Kupashia, tumia bafu-maji, kamwe si moto wa wazi, na usifikishe nyuzi 60, maana monoma yenyewe itayeyuka na kutulia chini kama mafuta.

Jeli nzuri inaangaza kama kioo. Ioshe kwenye maji yaliyokenekwa kwa siku 4 au 5, ukibadilisha maji kila siku, na mara moja moja uipashe hadi nyuzi 40 kisha uirudishe baridini ili iteme mabaki.

Kwenye kupima jinsi jeli inavyosinyaa joto likipanda, haraka ndiyo inayopotosha. Ukitoa jeli nene baridini na kuitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 45, ngozi ya nje hufunga kwanza na kunasa maji ndani. Utaiona ikiota malengelenge, na uzito utakaoupata hauna maana. Panda nyuzi 1 kwa hatua, usubiri uzito utulie. Unene ukiongezeka mara 2, muda wa kusubiri huongezeka mara 4. Ndiyo maana mirija ni myembamba. Chumvi nayo ichungwe: mola 1 ya kloridi ya sodiamu kwa lita hushusha kiwango hicho cha nyuzi 32 hadi karibu 20, kwa hiyo usilinganishe jeli iliyo kwenye bafa (myeyusho wenye chumvi unaodhibiti asidi) na iliyo kwenye maji matupu.

Matumizi yake ni mengi. Nchini Japani, Teruo Okano na wenzake walikuza seli kwenye sahani zilizopakwa polima hii kwa nyuzi 37. Sahani ikipozwa, tabaka zima la seli hujibandua lenyewe bila kimeng'enya. Kwa mkemia, kinachovutia zaidi ni chembe ndogo za fedha zilizofichwa ndani ya jeli hii kama kichocheo. Tumezoea mmenyuko kuongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Hapa kasi hushuka karibu na nyuzi 32, kwa sababu jeli iliyosinyaa huzuia vitendanishi kuifikia fedha, kisha hupanda tena. Usidhani kifaa kimeharibika. Pima kila baada ya nyuzi 2 kati ya 26 na 38. Ukipima kwenye 20, 30 na 40 peke yake, bonde lote litakupita.