Re: Sindano ya pili ya surua ya nini?
Dada wa Wete, umeuliza kwa nini mwanao achomwe tena surua kwa miezi 18 na ya miezi 9 keshachomwa. Ile ya mwanzo haikuharibika. Mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima kwa mamake, na ikiwa bado imo mwilini huizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza kitu. Ndiyo husubiriwa miezi 9, na hata hapo watoto kama 15 katika 100 hawashiki kinga. Kwa sura huwajui, wote wanacheza tu! Sindano ya pili inawadaka hao. Homa ikija baada ya wiki hivi usishtuke, ila ikizidi mpeleke kituoni. Na kadi usiisahau Unguja kwa bibi yake, kama mimi.