Mashoto wenzangu, na nyie mnaozicheka bunduki za leva, njooni hapa

Mimi ni mashoto. Shule ya msingi nilichapwa viganja mpaka nikaandika na mkono wa kulia, ila kila kitu kingine nafanya na kushoto mpaka leo, na kazi yangu ya usaidizi wa mwindaji bingwa hapa Arusha imenikutanisha na bunduki za bolti, zile za kukoki kwa kuvuta kitasa cha pembeni, ambazo karibu zote zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia. Kitasa cha bolti kiko upande wa kulia, so kila nikitaka kukoki risasi ya pili navusha mkono juu ya darubini, natoa shavu kwenye kitako, mnyama nampoteza, yani ni fujo. Nimezoea, lakini kuzoea sio kupenda.

Sasa msimu mmoja akaja mgeni kutoka Texas, tumempokea uwanja wa ndege wa KIA, polisi wanakagua namba za bunduki na karatasi zake, kufungua sanduku namba mbili nikaona leva, yani bunduki inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulioko chini karibu na triga. Nikamchungulia mwenzangu tukacheka kimoyomoyo. Leva kwetu ni bunduki ya makauboi wa kwenye video za zamani. Na hii wameivalisha: chuma stenlesi, kitako cha mbao za kugandishwa, reli juu ya kuwekea darubini, na mdomo wa mtutu umechongwa hesi za kufungia sailensa. Nikajisemea huyu kaja kupiga picha.

Nilikosea, na ndio maana naandika.

Ile ilikua Marlin 1895 ya risasi ya .45-70. Hiyo risasi ni ya mwaka 1873, namba 70 ni greni (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi zilizokua zinajazwa enzi hizo, na bado watu wanainunua. Kampuni ya Marlin yenyewe ilichukuliwa na kampuni nyingine ya bunduki, Ruger, mwaka 2020 baada ya mmiliki wake Remington kufilisika, na zile zilizotengenezwa na Ruger zikaanza kutoka mwishoni mwa 2021, hii ilikua mojawapo. Usiku kambini mgeni akatoa risasi bandia akanipa nijaribu kukoki, mwindaji bingwa wetu pembeni anaangalia. Nikaiweka bega la kushoto. Aisee. Leva iko chini, katikati, haijali wewe ni wa mkono gani! Unaisukuma mbele unairudisha, jicho bado liko kwenye shabaha na shavu halijatoka kwenye kitako. Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya size yake kwa mara ya kwanza.

Halafu nikaikwamisha. Niliivuta kwa adabu, taratibu, kama nafungua kabati la mama mkwe, risasi ikasimama katikati haiingii haitoki. Mgeni akacheka akaniambia ivute kama umeiudhikia. Ukweli ndio huo, leva unaipeleka mpaka mwisho halafu unairudisha mpaka mwisho, ukiishia njiani bolti haijarudi nyuma ya kutosha, ganda halitoki vizuri na risasi inayofuata hainyanyuliwi. Kwahiyo ukipata nafasi ya kufanyia mazoezi, fanya kwa nguvu tangu siku ya kwanza, mkono ukizoea upole utakuaibisha siku ya ngiri.

Na ngiri alikuja kweli. Tulikua kwenye vichaka upande wa Simanjiro, miiba kila mahali, unaona mita arobaini basi, akatoka dume, risasi ya kwanza ikampata nyuma kidogo, na kabla sijamaliza kusema "tena" ya pili ilishatoka. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Bunduki fupi, nyembamba, unaishika katikati kwa mkono mmoja unatembea nayo masaa manne bila kitasa kushika nguo wala miti. Na kumbuka huku semi-otomatiki hairuhusiwi kuwindia, kwahiyo anayetaka kurudia haraka kihalali, leva inamfaa sana.

Wazee walishajua. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikua na Winchester ya 1895 ya .405, na akaiita dawa ya simba. Ile ilikua na magazini ya boksi. Leva nyingi zina magazini ya bomba chini ya mtutu, risasi zimelala foleni, pua ya hii inagusa fataki (kile kiwashio cha kwenye kitako cha risasi) ya iliyoko mbele yake, ndio maana USIWEKE risasi yenye ncha kali humo, teke la bunduki linaweza kuiwasha ya mbele ndani ya bomba. Zamani walikua wanatumia pua bapa tu, miaka ya 2000 watengenezaji wa risasi Hornady wakaleta za ncha laini kama mpira, na mgeni wetu alikua nazo, greni 325.

Ila msinielewe vibaya mkaanza kuuza bolti zenu. Ikivuka mita mia na hamsini hivi ile risasi inaanza kushuka kama jiwe, siku tulipomwona kongoni kwenye uwanda mgeni mwenyewe aliirudisha kwenye gari bila kuambiwa. Na kwa mbogo alibeba .375 ya bolti kama watu wote. Pia risasi zake hapa mjini mimi sijawahi kuziona dukani, kwahiyo kabla hujahangaika na maombi ya leseni uliza kwanza utailisha nini.

Kitu cha mwisho, na hiki kilinitoa jasho. Jioni mgeni alisema bunduki iko tupu, amekoki mara nne zimetoka nne. Mimi nimeishika kuisafisha nikakoki tena kwa mazoea, ya tano ikadondoka kwenye mkeka wa hema, tukaangaliana. Bomba linaficha, kuna wakati risasi inachelewa kushuka kama imeingia vumbi, na vumbi la Simanjiro mnalijua. Na usishushe nyundo kwa kidole gumba chenye jasho huku umebana triga eti umeituliza, toa zote kwanza. Koki mpaka zisitoke, koki tena mara mbili, tazama kwenye chemba na tochi, ingiza kidole, halafu ndio uende kwenye gari. Yule mgeni sasa hivi kabla ya kusema tupu ananiita mimi niingize kidole, cha kushoto.