Usimnunulie mama hiyo dawa ya "kusafisha ubongo"

Dada wa Uyole, umeuliza kama mama, anayerudia swali lilelile kabla chai haijapoa, anunuliwe dawa ya "kusafisha ubongo" inayouzwa stendi. Hapana, hela hiyo itunze.

Ubongo hujisafisha wenyewe: una maji yake, kama mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza takribani 500 kila siku. Hupita kandokando ya mishipa ya damu yakizoa taka, zikiwemo protini za amiloidi zinazorundikana kwa wenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2012 kundi la mtafiti wa ubongo Maiken Nedergaard, Marekani, liliieleza njia hiyo kwa panya. 2013 likaonyesha kwamba usafishaji huongezeka wakilala. (Utafiti wa 2024, wa panya pia, ulipinga hilo, kwa hiyo ubishi haujaisha.)

Kilichonishtua mimi katika maelezo yako ni hiki: mama anakoroma hadi pumzi inakata, yaani usingizi wake wenyewe una shida. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uwaeleze hilo kwanza, kisha wampime presha, sukari, tezi la shingo na vitamini B12. Kusahau kwingine kunatibika. Na jiko la mkaa lisilale chumbani kwake, hata baridi ya Julai ikizidi. Moshi usioonekana nao huumiza ubongo.