Jibu: Nairobi hadi New York ni saa 7 au 15?

Habari ndugu. Tiketi yako ya Januari inaonyesha unaondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25, ndipo ukauliza kama safari ni saa 7 tu. Angalia kwanza saa ni za wapi: kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo utakaa angani saa 15. Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Kurudi huwa pungufu kidogo, maana upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Mimi nilikosea hesabu hii, mama akashika simu kwa hofu tangu alfajiri hadi mchana. Tafadhali waandikie nyumbani kwa saa za Nairobi: unatua saa 8:25 mchana.