Ushuru ziro wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) sio wa kila mzigo: kwa madogo mlioanza klaring (kutoa mizigo forodhani)

Wiki hii nimeona tena kotesheni ya dogo, ushuru wa forodha kaandika 0 kisa invoisi imetoka Nairobi. Jamani.

1. Ziro inafuata bidhaa imezalishwa wapi, sio duka ulilonunua. Kanuni za EAC za uasilia (bidhaa ihesabiwe imetoka nchi gani) za 2015 zipo, kila bidhaa na kigezo chake, zisomeni. Mi nilizisoma nimeshaungua. Mama mmoja wa Arusha alikuwa anafungua ofisi, akanipa kazi ya viti, muuzaji kaniambia kwenye simu "vinatengenezwa hapahapa Nairobi" nikaridhika, sikuomba cheti cha uasilia wala nini, nikamwambia "mama yangu, huu mzigo ni wa EAC, we andaa VAT tu." Kufika Namanga afisa kafungua boksi la kwanza, kiti kimeandikwa China mgongoni, kilichofanyika Nairobi ni kufunga miguu kwa bolti, na kanuni zinasema wazi kuunganisha kirahisi namna hiyo hakuipi bidhaa uasilia. Nikapigwa ushuru kamili, VAT nayo ikapanda maana inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, na lori limelala yadi. Sasa kumpigia mama. "Baba, si ulisema ziro?" Hakugomba, bora angegomba. Tofauti tukagawana, hela yangu yote ya ile kazi ikaishia hapo, na mpaka leo tukikutana mjini ananisalimia vizuri tu ila kazi hanipi.

2. HS code (namba ya forodha ya aina ya bidhaa) ya kwenye cheti, invoisi na kadhia (tamko la mzigo forodhani) iwe moja. Cheti kitoke kabla lori halijaondoka kwa muuzaji.

3. VAT 18% iko palepale hata ushuru ukiwa ziro, mwambieni mteja mapema.

4. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi, wamama wa mpakani wanakijua kuliko nyie wenye diploma.

5. Msikopi kadhia za Wakenya. Kuna dogo kaona jamaa yake wa Nairobi anaingiza mzigo wa Misri bila ushuru, naye akamuahidi mteja hivyohivyo. Yule anatumia COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, Kenya na Misri wamo! Sisi Tanzania tulitoka COMESA mwaka 2000, tuko EAC na SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika), na Misri haimo kote kuwili. Labda AfCFTA, eneo huru la biashara la Afrika nzima, na hiyo ushuru unashuka kwa awamu, kwahiyo kaangalie bidhaa yako imefikia asilimia ngapi mwaka huu ndo umpigie mteja.